Maswali ya kila siku ya miundo ambayo hakuna anayeyapima, wewe ungeanza na lipi?

Nguzo_Kongwe

Wakuu salaam. Hili sio swali la mtihani, ni swali la mtu aliyechoka kusaini vitu kwa mazoea. Nimepiga hesabu za majengo miaka mingi, chuma zaidi, zege kiasi, na kadiri siku zinavyokwenda naona kuna mambo tunayaandika kwenye karatasi utadhani yalishuka na mvua, hakuna anayeuliza yalitoka wapi.

Langu mimi ni kitako cha nguzo ya chuma. Ile pleti na bolti zake nne juu ya zege. Kwenye programu tunabonyeza "pini", yani nguzo inazunguka bure kule chini, momenti (nguvu ya kupinda) sifuri, msingi unatoka mdogo, mteja anafurahi, maisha yanaendelea. Lakini hebu nenda kaitazame ile kitu ikiwa saiti. Pleti nene, bolti nne zimekazwa, grauti (uji wa saruji wa kujaza uwazi) imejaa chini, na juu kuna uzito wa jengo unaikandamiza muda wote. Hiyo ni pini kweli? Ukitaka kuizungusha hiyo utatafuta jeki.

Na kitabu chenyewe kinajua kwamba sio pini. Mazoea ya Uingereza kwenye fremu za potali (zile fremu za chuma za maghala, nguzo mbili na bimu za paa) yanakuruhusu kitako hicho hicho unachokiita pini ukihesabie asilimia 10 ya ukakamavu wa nguzo ukiwa unaangalia uthabiti wa fremu, na asilimia 20 ukiwa unaangalia fremu itayumba kiasi gani siku za kawaida. Haya. Pleti ile ile, bolti zile zile, asubuhi 10 mchana 20. Naelewa mantiki yake, kwenye usalama unajibana, kwenye kuyumba unajiachia kidogo, ila namba kavu namna hiyo zinanukia meza ya kikao kuliko maabara.

Kuna ghala moja niliwahi kulirudia baada ya kusimama, tukafunga winchi kwenye kichwa cha fremu moja, tukavuta taratibu huku jamaa anasoma geji (kipimo cha kusogea). Ilisogea kidogo mno ukilinganisha na karatasi yangu. Nikafurahi kama dakika tano hivi, afu nikakaa chini nikajiuliza, sasa ni kitako kilichonisaidia au ni mabati ya ukutani au ni kile kijiukuta cha tofali walichojenga kati ya nguzo bila kuniambia? Sijui la kulishukuru. Na kama ni kijiukuta, siku wakikibomoa waweke mlango itakuwaje?

Ndo swali langu sasa. Ungepewa maabara, muda, na mtu wa kulipa bili, ni jambo gani la kila siku ungelipima kwanza? Sitaki ghorofa mia wala daraja la kilomita mbili, hayo yana watu wake na hela zake. Nataka yale ya kuchosha.

---

Zege_na_Maji

Mkuu umegusa kidonda. Mimi ni mtu wa zege na jibu langu nilishakuwa nalo kabla hujamaliza kuuliza: shia, yani nguvu ya kukata, kwenye slabu nene zisizo na ringi (nondo za kuzunguka za kuzuia ukataji huo). Misingi mipana, slabu za kuhamisha mzigo, paa za mahandaki, vitu vya mita moja na kwenda juu.

Kwa wasiolijua hili, ni hivi. Chukua bimu isiyo na ringi, ivunje kwa shia, gawanya nguvu kwa eneo, unapata stresi fulani. Sasa tengeneza nyingine yenye umbo lile lile, mchanganyiko ule ule, asilimia ile ile ya nondo, ila kina mara nne. Ungetegemea stresi iwe ile ile. Haiwi. Inashuka, na inashuka sana. Sababu inayokubalika na wengi ni kwamba ufa wa bimu kubwa unafunguka zaidi, na ufa ukifunguka zile kokoto za pande mbili haziumani tena, na kuuma kwa kokoto ndo sehemu kubwa ya kilichokuwa kinabeba shia.

Hili sio siri ya juzi. Mwaka 1955 paa la ghala la jeshi la anga la Marekani kule Ohio lilianguka, bimu za kina cha karibu mita moja, na stresi iliyozivunja ilikuwa kama megapaskali 0.5, chini kabisa ya tulichodhani zege inaweza. Hapo kulikuwa na kusinyaa kwa zege pia kulikozivuta bimu kwa urefu, kwahiyo kina peke yake hakibebi lawama yote. Kani wa Chuo Kikuu cha Toronto akaja 1967 na bimu zake za vina tofauti akaonyesha kina kinavyoua nguvu. Wajapani wakafika kina cha mita 3 kwenye miaka ya 80. Na kanuni za Marekani, ACI 318, zimekuja kuingiza kipunguzi cha ukubwa kwenye fomula ya kawaida ya shia mwaka 2019. Hesabu mwenyewe, 1967 mpaka 2019 ni miaka 52. Mtoto anazaliwa, anasoma, anakuwa injinia, anakaribia kustaafu, fomula bado ile ile.

Ndo maana nikisikia mtu anasema "hilo lilishafanyiwa utafiti" huwa nauliza, sawa, na limefika kwenye meza ya mchoraji?

---

Elementi_Elfu

Wazee wangu kwa heshima zote, hizi winchi na kuvunjavunja zege ni mambo ya zamani. Siku hizi unatengeneza modeli ya elementi (kitu kimegawanywa vipande vidogo vidogo kwenye kompyuta), unaweka bolti, unaweka grauti, unaweka msuguano kati ya pleti na zege, kompyuta inakesha usiku, asubuhi una grafu ya momenti na mzunguko. Bei yake ni umeme tu. Unaweza kujaribu unene 30 wa pleti ndani ya wiki moja, maabara ipi itakupa hiyo?

---

Geji_ya_Mshale

@Elementi_Elfu kijana wangu, mimi ndo yule anayesimama pembeni ya jeki na daftari, kwahiyo nisikilize kidogo afu urudi kwenye kompyuta yako, siichukii.

Kule Toronto, miaka ya 2010, walijenga kipande cha slabu chenye kina cha mita 4. Mita nne, ghorofa na zaidi. Kabla ya kukivunja wakawaalika mainjinia na watafiti watabiri kitavunjikia mzigo gani, kila mtu na njia yake, kalamu kwa kalamu na modeli kwa modeli. Utabiri ulitawanyika kama kuku walioona mwewe. Watu wanaoheshimika, wenye programu nzuri, wakapishana vibaya sana kwenye kitu ambacho vipimo vyote walipewa. Modeli yako inajua ulichoiambia. Ukiiambia grauti imejaa vizuri itaamini grauti imejaa vizuri, mimi nimeng'oa pleti za msingi nikakuta chini kuna uwazi unaoingia kiganja.

Modeli ni nzuri sana baada ya kipimo. Ukiwa na vipimo vitatu vya kweli, modeli inakupeleka kwenye vile 30 unavyovitaka. Bila hata kimoja unachora picha za rangi tu.

Sasa nirudi kwa Nguzo. Mimi ungenipa hela nisingejenga sampuli hata moja. Ningetafuta majengo yanayosubiri kubomolewa.

Kuna hadithi ya kweli ambayo kila fundi wa zege anapaswa kuijua. Miaka ya 1950 kule Johannesburg kulikuwa na jengo la zamani la hospitali ya meno linataka kuvunjwa, la ghorofa chache, zege na nondo. Jamaa mmoja, Ockleston, akaomba aruhusiwe kulipima kabla halijaenda. Wakapakia slabu mpaka mwisho wake. Hesabu ya mistari ya kuvunjika, ambayo ndo ilikuwa njia kali kuliko zote wakati ule, ilisema slabu itabeba kiasi fulani, slabu ikabeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Na slabu ya kawaida tu, haikuwa na nondo za siri.

Kilichotokea ni kwamba slabu ikianza kupasuka inataka kutanuka kwa pembeni, kwasababu ufa unafunguka chini katikati na juu kwenye kingo, jumla yake kipande kinataka kuwa kirefu. Ila kimezungukwa na slabu nyingine pande zote, hazimpishi. Kwahiyo inajibana yenyewe, inageuka tao lililolala ndani ya unene wa slabu, na mzigo unapita kwa kubanwa badala ya kuvuta nondo. Maabara zilikuwa hazilioni hili kirahisi kwasababu maabara walikuwa wanakata kipande kimoja cha slabu, wanakiweka juu ya vyuma vya duara kingo zikiwa huru, na kingo zikiwa huru hakuna wa kumbana.

Yani kilichokuwa kinafichwa sio nguvu ya zege. Ni kingo. Na nitakwambia kwa uzoefu wangu kwamba nusu ya ripoti za maabara nilizoshiriki ubishi wake mkubwa ulikuwa kwenye kingo, kipande kimeshikwaje, kimezuiwaje, roli zinateleza kweli au zimeng'ang'ania.

Na faida haikuishia kwenye makaratasi. Kanada, mkoa wa Ontario, kanuni zao za madaraja za 1979 zikaruhusu slabu za juu ya daraja zitumie tao hilo, nondo asilimia 0.3 kila upande, kiasi kidogo kuliko mahesabu ya kupinda yangedai, na nondo kidogo kwenye daraja linalomwagiwa chumvi kila baridi maana yake kutu kidogo. Jengo bovu la kubomolewa limeokoa chuma cha nchi nyingine baada ya miaka zaidi ya ishirini.

Ndo maana nikipita nakuta tingatinga linatafuna jengo zima zima roho inaniuma. Hiyo ni maabara inayotupwa.

---

Zege_na_Maji

@Geji_ya_Mshale hapo umenena. Na Cardington usiisahau, wale Waingereza walijenga jengo zima la chuma la ghorofa 8 ndani ya banda la zamani la ndege za puto kisha 1995 na 1996 wakaliwasha moto. Bimu zisizokingwa zikapita digrii 1000, na tulikuwa tumekaririshwa kwamba bimu ya chuma ikifika kama 550 habari yake imeisha. Sakafu ilishuka zaidi ya nusu mita, haikuanguka, slabu ikawa inaning'inia kama shuka iliyoshikwa kona nne. Bimu ile ile ukiichoma peke yake kwenye tanuri inaanguka mapema. Kingo tena.

---

Mchomeleaji_Mkaguzi

Naona mnaisifia maabara sasa ngoja niwamwagie maji kidogo.

Kiungo cha bimu na nguzo kilichochomelewa, cha fremu za tetemeko. Kilipimwa maabara kabla, kikaingia kwenye vitabu, kikajengwa Kalifonia kote. Tarehe 17 Januari 1994 tetemeko la Northridge likapita. Majengo yamesimama, rangi safi, watu wakarudi kazini, baadae kuja kuvua kuta na kifuniko cha kuzuia moto wanakuta welidi za flanji ya chini (bapa la chini la bimu) zimepasuka, nyingine ufa umeingia mpaka kwenye nguzo. Hakukuwa na kupinda kwa ulaini kama tulivyoahidiwa, zilikatika kavu kama biskuti.

Kwanini maabara haikuona ya kutosha? Vipande vingi vya mwanzo vilikuwa vidogo kuliko bimu zilizokuja kujengwa. Afu kuna mambo ya mkono. Fundi akiwa saiti anachomelea flanji ya chini akiwa amekaa juu ya bimu, web (ukuta wa katikati wa bimu) iko katikati ya njia yake, anasimama upande huu anaanza tena upande ule, na pale katikati anapopaachia ndo panakuwa na kasoro, na ndo hapohapo mkaguzi anashindwa kuona. Kile kipande cha chuma cha kuzuia majimaji kinaachwa hapohapo, kinakuwa mfano wa ufa uliotengenezwa tayari. Waya wa kulehemea wenyewe ushupavu wake mdogo. Hivyo vyote viwe pamoja, bimu kubwa, ndo unapata Northridge. Baadae wakafanya kazi ambayo ingefanywa kwanza, vipande vya saizi kamili vingi, na hapo ndo bimu iliyopunguzwa kiuno karibu na nguzo ikapata umaarufu, ivunjike pale tulipoitengea.

Kwahiyo langu ni hili, ukipima, pima kazi ya fundi wa Ijumaa jioni. Sampuli zote za maabara zimechomelewa na fundi bora wa Jumatatu asubuhi akiangaliwa na profesa.

---

BintiNondo

Shikamooni wakuu. Mimi niko mwaka wa mwisho, natafuta mada ya mradi wa utafiti na huu uzi umenichanganya kwa uzuri. Msimamizi wangu anataka nifanye modeli ya jengo refu kwa tetemeko lakini mimi nataka kushika kitu kwa mikono. Maabara yetu ina mashine ya kuvunja zege, jeki moja ndogo na nafasi ya kona. Muda kama miezi minane. Je kuna swali la kweli linaloingia hapo au niende tu na modeli?

---

Geji_ya_Mshale

Marahaba mwanangu. Linaingia, tena zuri. Nanga za gundi.

Zile nondo au bolti zinazochomekwa kwenye tundu lililotobolewa kwenye zege ya zamani kisha zinajazwa epoksi au mfano wake. Kila ukarabati duniani unazitumia siku hizi, kila anayesahau kuacha nondo anazitumia, na wengi wanazijaribu kwa kuzivuta dakika mbili tu.

Julai 2006 Boston, dari ya handaki la barabara, mapaneli ya zege yaliyoning'inizwa kwa nanga za epoksi yakadondokea gari, abiria akafa. Wachunguzi wakakuta epoksi iliyotumika ilikuwa ya kukauka haraka, na hiyo ikibebeshwa mzigo muda mrefu inavutika taratibu, milimita kwa milimita, mpaka nanga inatoka. Na nanga zilikuwa zimevutwa kwa majaribio wakati wa kufungwa zikapita! Kipimo kilikuwa sahihi ila kilijibu swali lingine. Kiliuliza utabeba leo, hakikuuliza utabeba miaka saba. Baadae ACI ikaweka kwamba mzigo wa kudumu wa kuvuta usizidi asilimia 55 ya nguvu ya gundi.

Sasa wewe fanya hivi. Huhitaji mashine. Tengeneza wenzo, mkono mrefu wa chuma wenye uwiano wa 1 kwa 10, mwisho wake unaning'iniza mawe au vipande vya zege. Mzigo wa mawe hauchoki wala haukatiki umeme. Toboa matundu ya aina tatu kwenye kipande kimoja cha zege: lililosafishwa kwa brashi na kupulizwa kama maelekezo yanavyosema, lililopulizwa tu, na lililoachwa na vumbi lake kama fundi mwenye haraka anavyoliacha. Vumbi linashusha mshiko hata kwenye mvuto wa dakika chache, hilo linajulikana, ila wewe utaangalia vumbi pamoja na muda, na joto pia maana hizi gundi joto likipanda zinalainika. Geji moja kila nanga, soma kila saa mwanzoni, baadae kila siku, baadae kila wiki, chora kwenye muda wa logi. Majaribio ya kawaida ya kuvutika ni saa 1000, hiyo ni siku 42, ndani ya miezi minane unaweza kurudia mara tatu na bado ukaandika.

Na tafadhali weka mnyororo wa kudaka kila mkono. Kitu kinachokatika usiku wa saa nane hakina huruma na mguu wa mtu anayepita.

---

Elementi_Elfu

Haya nimekubali kwenye grauti na vumbi. Ila mwanafunzi mmoja na nanga tisa atathibitisha nini? Mtawanyiko wa zege peke yake utakula tofauti yote.

---

Zege_na_Maji

Swali zuri hilo, na ndo maana zege iwe kipande kimoja na matundu yachanganywe kwa kura, sio yote ya vumbi kona moja. Nanga tisa hazibadilishi kanuni mkuu, ila zikionyesha kwamba zile za vumbi zinaendelea kuteleza wakati safi zimetulia, mtu mwenye hela ataona pa kuweka hela.

Afu hapo kwenye muda nakazia kitu kimoja. Sisi watu wa zege muda ndo unatuaibisha. Lile daraja la zege la Palau (nchi ya visiwa Pasifiki), kati ya Koror na Babeldaob, lilifunguliwa 1977 likiwa na urefu wa mita 241 kati ya nguzo, wakati ule refu kuliko yote ya aina yake. Katikati lilishuka mwaka hadi mwaka mpaka likafika zaidi ya mita moja, kitu ambacho hesabu ya kunyong'onyea kwa zege (kulegea taratibu chini ya mzigo wa kudumu) haikukitarajia. Wakalikarabati, wakaongeza nyaya za kulikaza, na Septemba 1996, miezi mitatu hivi baada ya ukarabati, likaanguka. Miaka ya karibuni watafiti wamepata data yake wakaonyesha kwamba fomula zetu zinadhani kunyong'onyea kunaisha wakati kiuhalisia kunaendelea polepole bila kikomo kinachoonekana. Data nyingi tulizonazo za maabara ni za vipande vidogo na miaka michache. Ungeniuliza maabara ya ndoto ni chumba chenye kufuli ambacho hakuna mtu atahitaji ile nafasi kwa miaka 40, na hicho ndo kitu ambacho hakuna chuo kitakupa.

---

Mchomeleaji_Mkaguzi

Chumba cha miaka 40 hata mimi nyumbani sina, watoto wameshachukua chote.

---

Nguzo_Kongwe

Wakuu nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. @BintiNondo dada chukua hiyo mada ya gundi, msimamizi akikataa mwambie modeli utaifanya ukiwa unasubiri saa 1000 ziishe.

Sasa maneno ya Geji ya jengo la kubomolewa yameninyima usingizi. Kuna ghala dogo la fremu za potali, sio lile la kwanza, linavunjwa mwezi ujao na mkandarasi nafahamiana nae, nimemwomba siku mbili kabla hajaanza, amekubali ila amesema hatalipia hata bolti. Mpango wangu ni huu mnikosoe.

Siku ya kwanza navuta kichwa cha fremu moja ya katikati kila kitu kikiwa mahali pake, mzigo mdogo mdogo, narudisha, narudia. Geji moja juu, mbili kwenye pleti ya chini, moja mbele moja nyuma, ili nipate mzunguko wa kitako chenyewe, na moja kwenye msingi maana msingi nao unaweza kuzunguka kwenye udongo nikaja kuusingizia pleti. Siku ya pili tunavua mabati ya paa na ya ukutani kwenye ghuba mbili (nafasi kati ya fremu na fremu), tunarudia mvuto ule ule. Tofauti ya siku mbili ni mchango wa mabati (hili la mabati kusaidia fremu lilisomwa sana Salford, Uingereza, miaka ya 60 na 70, sio jipya, ila nataka namba ya jengo hili). Mwisho nalegeza nati za bolti za msingi kwenye kitako kimoja, navuta tena. Hapo nitajua bolti zinafanya nini na uzito peke yake unafanya nini, kwasababu nashuku kitako kikikandamizwa kinabana kwa uzito wake hata bila bolti, na siku upepo ukiinyanyua fremu ule ubanaji unapotea, yani ukakamavu wa kitako unategemea upepo unavuma upande gani. Hicho ndo kitu ambacho ile 10 na 20 haisemi.

---

Geji_ya_Mshale

Mpango mzuri. Matatu tu. Kwanza usilegeze nati kabla hujafunga kamba ya pili ya kuizuia fremu, na watu wote wawe nje ya mstari wa winchi, kamba ikikatika inarudi kama kiboko. Pili, usifunge geji kwenye kitu chochote kinachogusa jengo, chomeka vyuma vyako ardhini mbali kidogo. Nimeona ripoti nzima imetupwa kwasababu stendi ya geji iliwekwa juu ya sakafu ileile iliyokuwa inapinda.

Tatu, vua mabati kwa awamu. Ghuba moja kwanza upime, afu ya pili. Mabati ya ghuba za mbali bado yatakuwa yanaisaidia fremu yako kupitia paa na hutajua ni kwa umbali gani.

---

Elementi_Elfu

@Nguzo_Kongwe nitumie vipimo vya hilo ghala leo. Nitatoa utabiri wangu kabla hujavuta, niuweke hapa hapa, mnicheke vizuri.

---

Nguzo_Kongwe

Nakutumia jioni. Unene wa pleti nitakupa. Hali ya grauti sitakupa.